Kipande Anachokiruka Duncan

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua, jua kidogo, mvua. Roselyne, binti yangu mwenye duka la vitambaa Mosocho, amenipa kitabu hiki cha tarehe kwa sababu kilimbakia dukani. Kimebaki na wiki tatu kiishe. Ndizo zawadi za siku hizi, unapewa mwaka ambao watu wengine wameshautumia. Januari nikiwa hai nitaiandika kwenye zile kurasa za nyuma zisizo na tarehe.

Ninaandika kwa Kiswahili nilichokiokota Kericho nikiwa mpishi wa wazungu wa majani chai. Kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, kuna mambo ya wanangu ambayo mdomo wangu haukubali kuyataja. Kwa Kiswahili yanapita tu, kama watu wasionijua.

Jumapili, 14 Desemba

Duncan, mwanangu wa kiume wa pekee, amepiga simu kutoka Nairobi. Anakuja kesho na Marion mkewe na mtoto, na watakaa mpaka tarehe nne Januari. Miaka minne sasa huyu mtu anafika saa tano na kuondoka saa kumi, soda yake ikiwa haijapoteza ubaridi. Leo ananipa wiki tatu.

Nimemwuliza kuna nini. "Hakuna kitu, Baba. Ni likizo tu. Tumepata nafasi tu."

Mtu mwenye likizo hasemi "tu" mara mbili.

Jumatatu, 15 Desemba

Wamefika kwa pikapu ya kukodi. Gari lao, ati, liko gereji. Wameshusha televisheni pana kama mlango wa zizi, zawadi yangu. Wameshusha pia mabati sita, misumari, na katoni moja iliyofungwa kwa selotepu mpaka pembeni.

Mabati ni ya esaiga, ile nyumba ndogo ya Duncan ya ujana hapo chini ya migomba. Kwetu mwana aliyetahiriwa halali chini ya paa la baba yake, sembuse na mke. Ndiyo maana miaka yote wamekuwa wakija na kurudi, maana esaiga inavuja kama kichujio. Sasa ghafla inazibwa. Mtu anayekaa siku ishirini haji na misumari ya miaka ishirini.

Nimekunywa chai yao nikihesabu misumari.

Jumanne, 16 Desemba

Nyundo kutwa nzima. Duncan amejigonga kidole na kusema neno la Nairobi.

Jumatano, 17 Desemba

Leo jioni Duncan amechomeka flashi kwenye televisheni. Marion akaniita baba kwa Ekegusii, akasema, "Tata, hii utaipenda. Ni sinema ya Krismasi, ya familia. Ofisini kwetu wote walilia."

Nieleze kwanza tulivyokaa, maana sinema yenyewe haina mengi ya kueleza. Mimi kwenye kiti changu cha dirishani. Duncan kwenye stuli karibu na mlango, rimoti mkononi. Marion kwenye mlango wa jikoni, nusu ndani nusu nje, kwa sababu mke wa mwanangu hawezi kukaa akinikodolea macho kama mpangaji mwenzangu. Hiyo ndiyo chinsoni, haya yetu ya baba na mwana na mke wa mwana. Wa kukaa popote ni mjukuu wangu Natasha tu, wa miaka saba. Ana jina la marehemu mke wangu, Nyakerario, na ananigombeza kama yeye. Alilala sakafuni na paka.

Basi. Kuna mji wa theluji. Kuna mzee mwenye sweta, nyumba juu ya kilima, na mbwa. Kuna kijana wake anayefanya kazi kwenye jengo refu mjini na hana nafasi ya baba yake. Kuna mwanamke mwenye duka la mikate. Hatujamaliza chai ya kwanza nikasema, "Huyu kijana atarudi kwao. Huyu wa mikate ataolewa. Mzee atalia. Mbwa hatakufa."

Natasha akanigeukia mimi babu yake. "Sokoro, nani amekuambia?"

"Mbwa."

Kericho nilipika mchuzi mmoja miaka kumi na minne, lakini hata mimi siku nyingine nilibadilisha kitunguu. Hawa hawajabadilisha hata kitunguu. Kila mtu kwenye sinema ile alikuwa mzuri, au alikuwa mbaya akingojea saa yake ya kuwa mzuri.

Kisha wakaanza kubusiana. Mimi nikatazama dari, Marion akatazama ukuta, Duncan akatazama rimoti. Sinema ikabaki ya paka. Duncan akaipeleka mbele, akavuka busu la kwanza, la pili na la tatu, na kila alipoirudisha tulikuta watu wamebadilisha sweta. Hapo sina neno. Nilimlea vizuri.

Lakini kulikuwa na kipande kingine, mapema, kabla ya mabusu. Kijana ameingia kwa bosi wake na mlango umefungwa. Bosi ni mwanamume mwenye upara, hakuna mwanamke mle ndani. Duncan akakiruka. Na hapo Marion hakutazama ukuta. Alimtazama Duncan. Nimesimama nyuma ya meza za watu miaka mingi. Najua macho ya wanaoficha jambo huku mgeni anakula.

Mwishoni mzee akatoa karatasi za nyumba ndani ya bahasha, akampa kijana, wakakumbatiana, theluji ikaanguka.

"Umeionaje, Baba?" Duncan akauliza.

"Nimeiona bahasha," nikamwambia.

Alhamisi, 18 Desemba

Sinema ileile tena, Natasha ndiye aliyeitaka. Kipande kilekile kimerukwa. Bahasha ileile.

Jumamosi, 20 Desemba

Sabato. Televisheni imefunikwa shuka. Wakati wa mahubiri nimewaza tu kwamba watoto wa leo hawaombi shamba. Wanamletea mzee sinema ya mzee aliyetoa nyumba yake akicheka, wanamtazamisha mpaka aone ni desturi ya dunia nzima. Nina ekari mbili na robo za chai, migomba, na kaburi la Nyakerario upande wa kushoto wa nyumba. Upande wa kulia ni wangu, na sijawahi kuutangaza kuwa unauzwa.

Jumapili, 21 Desemba

Nimeamka mapema kukamua. Nikamwona Duncan juu kule, mahali palipobaki tupu baada ya kung'oa mibuni, anatembea kwa hatua ndefu, moja moja, midomo ikihesabu. Ishirini na nne kwenda, kumi na sita kando. Kisha akasimama, akageuka, akatazama upande wa barabara.

Nimejificha nyuma ya ng'ombe kama mwizi kwenye boma langu mwenyewe.

Alipoteremka nikamwuliza, "Umelala vizuri?"

"Vizuri, Baba. Nilikuwa nanyoosha miguu."

"Imefika ngapi?"

Akacheka, akaenda kunawa.

Jumanne, 23 Desemba

Mvua ya kupiga mabati kama mahindi kwenye sufuria. Esaiga bado inavuja pembe moja, kwa hiyo Marion ameihamishia ile katoni kwenye stoo yangu. Ingebaki esaiga ingekuwa salama, maana kwangu kuingia nyumba ya mwanangu ni mwiko. Lakini stoo ni yangu, na selotepu ilikuwa imelowa na kujifungua karibu yenyewe.

Nilitafuta hati, ramani, muhuri wa wakili. Nimekuta kikombe chenye jina lake. Picha ya harusi yao kwenye fremu. Tai. Mche mdogo uliokauka kwenye kopo. Stepla.

Nimekaa juu ya gunia la mahindi nikiitazama ile stepla. Nani anakuja kula Krismasi na stepla? Ni ya kubania karatasi. Na karatasi zipo kwa nani? Chini ya godoro langu.

Usiku huu nalala juu yake kwa makini zaidi.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Roselyne amekuja kutoka Mosocho, tumechinja mbuzi, tumekula na chinsaga, mboga yetu chungu, nimeshiba mpaka nikawa na nia mbaya.

Walipoiwasha ile sinema kwa mara ya nne nikaamua kumtega Duncan. Nilisema kwa sauti, nikimtazama mbwa wa kizungu, "Kitu kimoja tu sikiamini hapa. Mtu gani mwenye akili anaacha mshahara wa mjini arudi kijijini kukata migomba?"

"Pengine alichoka, Baba," Duncan akasema.

"Hakuna anayechoshwa na mshahara. Huyo alifukuzwa. Aliiba vitu vya ofisi, kalamu za watu, vile vichuma vya kubania karatasi." Nililenga stepla. "Halafu anakuja kumkumbatia baba yake, kumbe anatazama nyumba."

Roselyne akasema, "Baba."

"Nazungumza na sinema."

Marion aliingia jikoni, na sikusikia hata kijiko kikigusa sahani. Duncan akainuka polepole. "Naenda kumwangalia mbuzi," akasema.

Mbuzi tulikuwa tumemla saa saba.

Akakaa huko nje mpaka sinema ikaisha. Mzee akatoa bahasha yake, akalia bila mtu wa kumruka. Nilingoja nione raha ya kuwa nimeshinda, na haikuja. Nikadhani ni mafuta ya nyama.

Ijumaa, 26 Desemba

Hakuna aliyewasha televisheni, hata kabla ya jua kuzama na Sabato kuingia.

Jumapili, 28 Desemba

Nimempigia Roselyne. "Ndugu yako anataka nini kwangu?"

"Baba, usiniulize mimi. Muulize mwenye neno lake."

"Anataka kuuza shamba?"

"Shamba gani?"

Roselyne hajui kudanganya, alishindwa tangu akiwa darasa la pili. Alishangaa kweli. Nimekata simu nikiwa na wasiwasi zaidi kuliko nilipoipiga. Nilikuwa nimeizoea hofu yangu, nimeipangia mahali pa kukaa.

Jumanne, 30 Desemba

Duncan na Marion wamekwenda Kisii na mtoto, wamesema watarudi jioni. Hawakujua kama nilikuwa nikitazama vidole vya Duncan kwenye rimoti zaidi kuliko nilivyotazama theluji, na nimejifunza kuiendesha. Nikamwita Abner.

Abner tulitahiriwa pamoja. Ni mzee wa kanisa, sikio la kushoto limekufa, na kati yake na mimi hakuna haya yoyote, hiyo tuliimaliza zamani. Mtu wa kutazama naye mabusu ni mwenzako wa rika tu. Nikamwambia kuna kipande kimefichwa kwenye sinema hii, ninataka shahidi.

"Kichafu?" akauliza.

"Ndicho ninachotaka kujua."

"Basi nitakaa karibu, kwa sababu ya sikio."

Busu la kwanza Abner alijifunika uso kwa kiganja, na vidole alikuwa ameviachanisha kama uzio wa kuku. La pili akatoa kiganja. La tatu akasema, "Ogeto, hawa hawana kazi?" Hakukuwa na kitu. Watu wawili wakigongana pua, theluji, muziki. Kama ndicho walichokuwa wakinificha, nimeibiwa.

"Kile cha bosi," nikasema. "Rudisha nyuma."

Ilituchukua muda. Mara tukaingia kwenye habari za kilimo, mara sauti ikapotea. Mwishowe kikaja. Kijana anaingia, bosi mwenye upara anafunga mlango, anasema. Kiingereza changu ni cha jikoni. Najua chumvi, na najua umeachishwa kazi, kwa sababu vyote viwili niliwahi kuambiwa. Kijana akatoka. Akarudi kwenye meza yake, akachukua katoni. Akaweka kikombe. Akaweka picha. Akaweka mche kwenye kopo. Wenzake wote wakawa na shughuli nyingi za kutazama chini.

"Sasa hii ina aibu gani?" Abner akauliza. "Mtu anapanga vitu vyake."

"Rudisha."

Tukaiona mara tatu. Mara ya tatu Abner hakuitazama sinema, alinitazama mimi. "Wewe unaumwa?"

"Stepla haimo," nikamwambia. "Huyu hakuchukua stepla."

Akadhani nimeanza kuzeeka. Akanywa chai yangu yote, akasema sinema ni mbovu, mtu yeyote angejua mwisho wake, akaenda zake akiniomba nimwite tena kesho.

Sasa nimekaa peke yangu na ninaandika haraka kabla hawajarudi. Gari haliko gereji. Ile likizo si likizo. Zile hatua ishirini na nne kwa kumi na sita si za mnunuzi. Mnunuzi hupima shamba lote. Aliyepima mahali palipo tupu, akageuka kuangalia barabara iko wapi, anatafuta mlango wa nyumba utazame wapi. Na mimi, siku ya Krismasi, mbele ya mkewe na dada yake, nimemwita mwizi wa stepla.

Kuna jambo sijawahi kumwandikia mtu. Kericho waliponifukuza nilirudi nyumbani na sanduku, nikamwambia baba yangu nimepewa likizo. Miezi miwili ya likizo. Kila asubuhi navaa viatu vyangu vya kazi nisikie sauti yavyo kwenye saruji. Baba hakuniuliza hata siku moja. Siku moja aliniwekea panga mlangoni, akatangulia mpaka hapa ninapoishi sasa, wakati huo ni vichaka, akakata kichaka cha kwanza kwa mkono wake. Kwetu mwana hajengi mpaka baba amwonyeshe mahali namna hiyo. Wala mwana haombi kwa mdomo. Anangoja.

Duncan anangoja tangu tarehe kumi na tano. Mimi nimekaa juu ya godoro nalinda karatasi.

Nasikia boda boda mbili kwenye kona.

Jumatano, 31 Desemba

Nimejaribu kusema. Tulikuwa wawili kwenye zizi.

"Duncan."

"Naam, Baba."

"Ng'ombe huyu anapiga teke."

"Najua, Baba."

Basi.

Ijumaa, 2 Januari

Kurasa za nyuma sasa. Haya, mwaka ni mpya, karatasi ndiyo ya zamani.

Duncan amesema wataondoka Jumapili kama walivyopanga, kazi inaanza Jumatatu. Alisema huku anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Marion anakunja nguo. Natasha ameniambia kwa siri kwamba huko Nairobi nyumba yao sasa ina watu wengine, na wao watakaa kwa rafiki ya mama yake kwenye chumba chenye makochi.

"Usiseme kama nimekuambia, Sokoro."

"Nimeambiwa na mbwa," nikamjibu.

Wanaondoka kwa sababu ya maneno yangu. Heri walale kwenye makochi ya watu kuliko kungoja hapa kwa mzee anayewacheka. Na wakishatoka kwenye lango na ile katoni, Duncan hatarudi kulala tena. Namjua. Mimi nisingerudi.

Jumamosi, 3 Januari

Sabato. Nimenoa jembe baada ya jua kuzama, si kabla.

Jumapili, 4 Januari

Wameamka kufunga mizigo. Mimi nilikuwa nimekwishapanda juu, pale palipong'olewa mibuni. Nikahesabu hatua kutoka kwenye mstari wa majani chai kama nilivyomwona akifanya, ila zangu ni fupi, ikanibidi kukisia. Nikasimamisha kijiti. Nikapiga jembe. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, mwekundu, unashika.

Nilipofika pigo la kumi na kitu nikasikia anapanda. Sikugeuka.

"Baba, unachimba nini saa hizi?"

"Nazika televisheni."

Akasimama. Pikapu ya kukodi ilipiga honi huko chini, na hakuijibu.

"Ulifanya ishirini na nne kwa kumi na sita," nikasema. "Kumi na sita ni nyembamba. Marion atakuwa anapita ubavu. Fanya kumi na nane. Na mlango uliuelekeza kule barabarani. Hapana. Ukielekea kule kila asubuhi mjukuu wangu atafungua amwone Abner anatoka chooni. Mtoto atakua vibaya. Geuza utazame nyumba ya mama yako."

Nilimsikia akipumua kwa pua, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo na hataki kuonekana. Nikaendelea kuutazama udongo, kwa sababu baba hamtazami mwanawe katika hali ile, na kwa sababu macho yangu mwenyewe yalikuwa na vumbi, ingawa nimeandika hapo juu kwamba udongo ulikuwa na maji.

"Siku ya Krismasi," nikaanza.

"Baba, jembe limelegea mpini," akasema. "Lete."

Nikampa. Akaligonga kwenye jiwe, akalijaribu, akaanza pale nilipoishia. Anachimba vibaya, kama mtu wa ofisi. Sikumwambia. Hilo nimemwekea kesho.

Kwenye sinema hapa wangekumbatiana na kitu kingeanguka kutoka mbinguni. Sisi tulianza kubishana kuhusu kumi na nane. Huko chini Marion alikuwa amesimama karibu na pikapu, ametutazama kitambo, kisha nikaona anashusha godoro. Natasha akashusha katoni, akaipeleka kwenye stoo yangu bila kuuliza mtu. Dereva akapiga honi tena, Marion akampa ndizi mkungu mzima aende zake.

Jioni mtoto akataka sinema. Nikasema iwashwe, lakini ijulikane kwamba bado ni mbovu na mzee wake hajui kulia. Tukakaa kama kawaida, mimi dirishani, Marion mlangoni, Duncan kwenye stuli, malengelenge mapya kwenye viganja. Kilipofika kile kipande cha bosi akainua rimoti, akaishikilia hewani, kisha akaiweka juu ya goti. Tukamtazama yule kijana akipakia kikombe, picha, mche. Hakuna aliyekohoa. Marion hakuutazama ukuta.

Kwenye mabusu akapeleka mbele, kama mtu aliyelelewa vizuri.